Saa Moja Hadi Ukingoni

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, na mtu akikwambia anaijua, muulize kwanza yeye anaishi wapi. Inaitwa Jamhuri ya Nyoofu. Mji mkuu wake, Kitovu, uko kusini kabisa. Mji wake wa mwisho, Ukingoni, uko kaskazini kabisa. Katikati kuna mbuga, mbuzi, na wananchi wanaokumbukwa kila uchaguzi unapokaribia. Tangu ndege ziingie nchini, safari ya kutoka Kitovu hadi Ukingoni ilikuwa ya kilomita elfu moja na mia nane, saa tatu angani, na hakuna mtu aliyekasirika. Sijui tulikuwa watu wa namna gani.

Mimi naitwa Tumsifu Kapilima, Mpiga Makofi wa Serikali, Daraja la Pili. Siasa siijui. Kazi yangu ni kusafiri na wakubwa na kufurahi wanaponyamaza kidogo katikati ya hotuba. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa niliyaona kwa macho ya mtu asiye na maoni.

Mambo yalianza kwenye mkutano wa marais. Rais wa nchi jirani, nchi ndogo ambayo ukipiga chafya upande mmoja unaitikiwa upande wa pili, alisimama akajisifu: "Kwangu mimi, nikinywa chai mji mkuu, kikombe hakijapoa nimeshafika mpakani!" Marais wakacheka, wakampongeza. Rais wetu, Mtukufu Baba wa Upeo, hakucheka. Alirudi nyumbani amenuna, na akiwa bado kwenye zulia jekundu pale uwanja wa ndege akamwita Waziri wa Anga na Umbali, Dakta Kihongwe.

"Kihongwe, kwa nini sisi tunatumia saa tatu kufika Ukingoni?"

"Nchi yetu ni kubwa, Mtukufu."

"Nani aliiruhusu iwe kubwa hivyo?"

Waziri akafikiri haraka, kwani hiyo ndiyo elimu yake. "Wakoloni, Mtukufu. Wao ndio waliochora mipaka."

"Kumbe huu umbali ni ukoloni!" Mtukufu akasema, na uso wake ukaanza kukunjuka. "Uondoe."

Ikaundwa Tume ya Kupunguza Umbali, ikakaa hotelini miezi kadhaa ikila samaki. Profesa mmoja alishauri kilomita irefushwe, ili zipungue idadi. Wazo lilikuwa zuri, wakalipigia makofi (nilikuwepo), lakini likakataliwa ilipokumbukwa kwamba Mtukufu hukimbia kilomita tano kila Jumamosi kwa ajili ya afya. Mwisho wakaona njia rahisi ni ile ile ya siku zote, yaani kutunga sheria. Sheria ya Umbali ikasema kuwa kutoka Kitovu hadi Ukingoni ni kilomita mia sita, na safari ya ndege ni saa moja. Atakayesema vinginevyo anasambaza umbali, na kusambaza umbali ni kosa.

Ajabu ni kwamba sheria ilifanya kazi vizuri sana. Ndege iliruka Kitovu. Baada ya saa moja mhudumu alitangaza kwa sauti tamu: "Mabibi na mabwana, karibuni Ukingoni. Tumefika. Tafadhali kaeni vitini mkisubiri mlango ufunguliwe." Kisha abiria wakasubiri mlango kwa saa mbili, mawingu yakipita dirishani. Vinywaji havikutolewa tena, maana vinywaji ni vya wasafiri, na wao walikuwa wameshafika. Mzee mmoja aliyeuliza mbona bado tunatikisika alielezwa kwamba ni uwanja mpya, bado unakaa sawa. Akashukuru kwa ufafanuzi.

*

Sheria ilipotimiza mwaka, Dakta Kihongwe aliamua kusafiri yeye mwenyewe hadi Ukingoni kwenda kuhutubia. Redio ya Taifa ilipewa hotuba mapema, pamoja na vigelegele. Mimi nikawekwa kiti cha nyuma yake.

Kando ya Waziri alikaa mama mmoja wa makamo, Bi. Sikudhani Mwinyikai, fundi cherehani wa Kitovu. Mapajani alipakata kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kopo la samli, pilipili manga na tangawizi kavu. Kwa mtu yeyote aliyelelewa na mama, mzigo ule ulijieleza: anakwenda kwa mwanamke anayejifungua.

"Binti yangu Mwatima," alimwambia Waziri, ambaye hakuwa ameuliza. "Wanampasua keshokutwa. Wa kwanza alizaliwa amekufa, sasa huyu daktari hataki kubahatisha. Amenipigia simu mwenyewe. Amesema, 'Mama, njoo.'"

"Vizuri, mama. Familia ni nguzo ya taifa."

"Miaka mitatu hatujasemezana, mheshimiwa. Nilimkatalia mume, harusini sikwenda. Sasa ameniita yeye." Akalishika kopo vizuri zaidi. "Sitaki kuchelewa."

"Kuchelewa?" Waziri akacheka kwa sauti nzito, akageuka kidogo ili nami nijue kwamba linakuja jambo. "Mama, katika serikali hii kuchelewa kumefutwa. Saa moja tu."

Nikapiga makofi. Bi. Sikudhani akanitazama, halafu akatazama nje.

Saa moja ilipotimia mhudumu akatukaribisha Ukingoni. Waziri akavaa koti, akakohoa, akajiandaa kusubiri mlango kwa uzalendo. Hapo ndipo pazia la mbele likafunguliwa, akatokea rubani, Kapteni Mbonea, jasho limemtoka usoni, kofia mkononi. Akainama sikioni kwa Waziri, lakini sote tulisikia.

"Mheshimiwa, mafuta yanaelekea kwisha."

"Yanaishaje? Hukujaza?"

"Nilijaza kwa mujibu wa sheria. Ya saa moja, na akiba kidogo."

Rangi ilimtoka Waziri kuanzia paji la uso kushuka chini. "Wewe mwendawazimu? Safari hii ni ya saa tatu!"

Hakuna aliyewahi kusikia umbali ukisambazwa na mtu wa cheo kile. Mimi nilianza kupiga makofi kwa mazoea, nikajizuia.

"Wenzako wote huwa wanaongeza!" Waziri akafoka.

"Hata mimi huwa naongeza, mheshimiwa. Siku zote tunaongeza. Tunayaandika kuwa ni maji ya kunywa. Lakini leo ulikuwepo wewe."

Kisha Bi. Sikudhani akamwambia rubani, kama anavyosemeshwa mtoto aliyeunguza sufuria, "Mwanangu, lawama baadaye. Rudi kule mbele ututue."

Kapteni akarudi, akatutua. Tulishuka kwenye mbuga, mahali panapoitwa Vigingini, panapofungiwa ng'ombe siku za mnada. Tulirukaruka, tukang'oa vigingi, tukaua mbuzi mmoja, tukasimama mbele ya josho la mifugo. Hakuumia mtu. Watu walilia, walikumbatiana, wengine walibusu ardhi. Waziri alibusu begi lake.

*

Wafugaji wakatuzunguka, wakatupa maziwa, wakauliza habari za safari. Mmoja alikuwa na redio begani. Ndipo tukaisikia sauti ya Dakta Kihongwe ikinguruma kutoka Ukingoni, ikiwashukuru maelfu waliojitokeza juani, na maelfu wakipiga vigelegele. Mfugaji akatazama redio, akamtazama Waziri, akapunguza sauti kwa adabu.

Waziri akaomba simu, akapiga wizarani.

"Mimi Waziri! Tumeanguka! Leteni helikopta!"

"Waziri yupo Ukingoni," sauti ikajibu, "tunamsikiliza hapa. Wewe nani?"

"Mimi ndiye Kihongwe!"

"Ndugu, kuigiza sauti ya kiongozi ni kifungo. Halafu unaigiza vibaya. Waziri wetu hababaiki namna hiyo."

Simu ikakatwa. Nilimwona Waziri akikaa chini kwenye ukingo wa josho, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba ni mtu mfupi. Ilibidi ampigie mke wake, ambaye naye alimuuliza maswali matatu ya ndani kabla ya kumwamini, kisha mke akampigia mke wa Mtukufu, na hivyo ndivyo serikali ilivyopata habari. Chaji ya simu ile, pekee iliyoshika mtandao, ikaishia hapo kabla Bi. Sikudhani hajaiomba.

Serikali ikakutana kwa dharura. Kukiri kwamba ndege haikufika ilikuwa haiwezekani, kwa sababu ilishafika. Ikabaki njia moja. Kesho yake asubuhi malori ya jeshi yakaingia Vigingini yakiwa na rangi, bendera, na ubao mkubwa: KARIBU UKINGONI. Ofisa aliyeongoza msafara akasoma tamko. Kwa uwezo aliopewa, Mtukufu Baba wa Upeo ametambua kwamba mahali ndege ilipotua ndipo Ukingoni, kwa kuwa ni kilomita mia sita na ni saa moja, kama sheria inavyosema. Ule mji mwingine wa mbele, uliokuwa ukijiita Ukingoni, ulikuwa ukifanya hivyo bila kibali.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Dakta Kihongwe akasimama, akavaa koti, akawa mrefu tena.

Bi. Sikudhani alisubiri makofi yaishe. Usiku alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, kapu kichwani kama mto. Akamwendea Waziri.

"Mheshimiwa, gari la Ukingoni lipo?"

"Mama, hujasikia tamko? Hapa ndipo Ukingoni."

"Basi nionyeshe hospitali."

Waziri akamnong'oneza ofisa. Askari wawili wakaenda kwenye lori, wakatoa kibao kilichoandikwa HOSPITALI YA RUFAA UKINGONI, wakakipigilia misumari kwenye josho. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikachirizika kidogo kwenye herufi R.

"Na binti yangu yuko wapi?"

Swali hilo lilihitaji kikao kidogo. Walirudi na mwanamke wa kifugaji, Nasieku, mjamzito wa siku za mwisho, aliyekuwa ameshikwa mkono na askari na haelewi kosa lake.

"Huyu hapa," ofisa akasema. "Serikali imekupatia. Mjamzito, kama ulivyoomba."

Nilidhani atalia au atatukana, na nikajiandaa kutosikia. Hakufanya hivyo. Alimtoa yule binti mkononi mwa askari, akamketisha kwenye kivuli cha lori, akamuuliza mimba ya ngapi, akambonyeza miguu kuona kama imevimba. Kisha akamimina nusu ya samli yake kwenye kibuyu, akamgawia na pilipili manga, akamweleza uji unavyopikwa na unavyonywewa ukiwa moto. Nasieku alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Bi. Sikudhani alipomaliza akafunga kapu lake, akasimama.

"Huyu ana mama yake, yule pale anatutazama," akasema. "Mimi nakwenda kwa wangu."

Na akaanza kutembea kuelekea kaskazini.

"Tumsifu!" Waziri akaniita, kijasho kikimtoka. "Mfuate yule mama, mrudishe. Mtu anayeonekana akitoka Ukingoni kwenda kutafuta Ukingoni, unajua hiyo ni nini? Ni uchochezi kwa miguu!"

*

Nilimkuta barabarani ameshasimamisha lori la mbuzi. Dereva, kijana mwenye ndevu aitwaye Selemba, alikuwa akiwapeleka mnadani huko huko alikokuwa akienda mama. Nikamwambia Bi. Sikudhani kwamba nimetumwa nimrudishe.

"Sawa, baba. Utanirudisha tukifika," akasema, akasogea kunipa nafasi.

Sikupata kifungu cha kanuni kinachokataza kumrudisha mtu kwa kwenda naye mbele. Nikapanda.

Sitaeleza sana ile safari. Tulikula vumbi mchana kutwa, tukalala humo humo lorini likienda, tukala vumbi tena. Nilikuwa nimesikia Ukingoni iko mbali, lakini nilikuwa nimesikia kwa masikio ya ofisi. Chini, kwa magurudumu, ule umbali uliofutwa ulikuwepo wote, hakuna hata kilima kilichokuwa kimesogezwa. Bi. Sikudhani aliongea kidogo. Mara moja tu aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia nina mmoja, yuko kwa bibi yake, kazi hainipi nafasi. Akasema, "Mm." Mpaka leo sijamaliza kuitafuta maana ya ile "mm".

Njiani tulikuta kamba imefungwa kati ya miti miwili, na askari mmoja amekaa juu ya kreti ya soda. Huo ndio uliokuwa mpaka mpya wa Jamhuri, ulikuwa na umri wa asubuhi moja.

"Mnakwenda wapi?" askari akauliza.

"Ukingoni," Selemba akajibu.

"Ukingoni mmeshaipita. Iko nyuma huko."

"Basi tunakwenda mbele," Bi. Sikudhani akasema.

Askari akafikiri. "Mbele sijaambiwa kitu," akasema, akateremsha kamba.

Tulifika Ukingoni, nasema ile iliyokuwa haina kibali, siku ya upasuaji, jua likiwa limeshapinduka. Bi. Sikudhani hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja akifuata harufu ya dawa, mimi nyuma yake na kapu. Tulielekezwa wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani.

Mwatima alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho wazi. Pembeni yake palikuwa na kitoto cha kike kimefungwa kwenye khanga, kinapumua haraka haraka. Kila kitu kilikuwa kimekwenda salama. Nilifurahi. Nilidhani sasa watakumbatiana.

Mwatima alimwona mama yake, akageuzia uso ukutani.

"Mwanangu," mama akasema.

"Redio ilisema umefika juzi." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa mshono. "Ndege imefika salama, abiria wote wamepokewa, wanatembezwa mjini. Nikawaambia manesi mama yangu yuko hapa hapa, anakuja sasa hivi. Wakaniwekea kiti. Juzi hukuja. Jana hukuja. Leo wakati wananiingiza nikasema, amefika mjini na kwangu ameshindwa kuja. Bado hajanisamehe."

Yule mwanamke aliyeituliza ndege ikiwa inaanguka, aliyewajibu mawaziri na askari, alisimama pale miguu imejaa vumbi la mbuzi, amekishika kile kiti kitupu alichowekewa. Na mimi, mtumishi wa serikali, nikasikia mdomo wangu ukisambaza umbali.

"Dada," nikasema, "redio imesema uongo. Ndege ilianguka. Ni saa tatu, siyo saa moja. Ni mbali. Mama yako amekuja na lori la mbuzi, hajakaa mahali. Ni mbali sana, dada, nimepaona."

Mwatima akageuza uso taratibu, akamtazama mama yake kuanzia nywele hadi miguu, akaliona lile vumbi. Akanyoosha mkono. Mama akauchukua kwa mikono yote miwili, akauweka shavuni, wakalia bila sauti, kwa sababu mmoja alikuwa na mshono na mwingine hakutaka kuamsha mtoto. Mimi nikatoka nje kutafuta jiko la kupikia uji.

*

Habari za baadaye ni njema kwa kila mtu, kama kawaida ya nchi yetu. Kwa kuwa mji ule ulikuwa nje ya umbali rasmi, ikabainika kuwa uko nje ya nchi. Mkuu wa wilaya na wakusanya ushuru waliondolewa, kwa kuwa walikuwa ughaibuni bila ruhusa. Wakazi walingoja wiki nzima waone watateseka vipi. Soko likajaa. Barabara ikazibwa mashimo na wenyewe. Rubani Mbonea, aliyefukuzwa kazi kwa kutii sheria mbele ya watu, alihamia huko na sasa anauza vipuri vya pikipiki.

Jamhuri ya Nyoofu, kwa kuwa ni nchi ya amani, ikaamua kufungua ubalozi. Balozi wa kwanza akateuliwa Dakta Kihongwe. Safari zake ni za nje, na posho ya safari za nje hulipwa kwa saa za angani, hivyo wizara ikapima upya na kugundua kwamba kutoka Kitovu hadi kule ni saa saba.

Nami bado niko huku. Nimemleta mwanangu. Sijaandika barua ya kuacha kazi, kwa kuwa rasmi bado niko njiani namrudisha mama.

Balozi alipowasili alikwenda kwanza kwa Bi. Sikudhani, akiwa na shada la maua na mpiga picha. Alimkuta uani kwa Mwatima, anashona gauni dogo la maua kwa mkono.

"Mama," Balozi akasema kwa sauti ya hotuba, "Mtukufu hakusahau. Wewe ni raia wetu uliye ugenini. Serikali iko tayari kukurudisha nyumbani kwa heshima zote."

Bi. Sikudhani alikata uzi kwa meno, akalinyoosha lile gauni kulitazama kwenye mwanga.

"Mimi sikuondoka nyumbani, baba," akasema. "Nilikuja kwa mwanangu. Nyumbani ndiko kulikoondoka."

Mpiga picha akauliza kama anaweza kurudia maneno hayo akitabasamu. Lakini ndani mtoto alikuwa ameamka na kuanza kulia, na bibi yake alikwisha kunyanyuka, amemwachia Balozi maua yake.